Bahasha Huishia kwa Mwalimu wa Kidato cha Nne

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka mwezi Januari, barabara kuu ya kwenda Zambia hubadilika sura. Kuanzia Iringa, Mafinga na Makambako hadi Uyole na Mbalizi, mabango ya shule hubandikwa takwimu mpya: division one ngapi, two ngapi, ziro hakuna. Baada ya hapo huanza hafla. Halmashauri inatafuta ukumbi, kwaya inamwimbia mgeni rasmi ambaye bado hajafika, kisha walimu wanaitwa mmoja mmoja kupokea cheti na bahasha. Mwalimu wa somo lililotoa A nyingi anatangulia. Mkuu wa shule iliyoongoza kiwilaya anabeba kikombe. Wanafunzi wenye one ya pointi saba wanapangwa mstari wa mbele kwa ajili ya picha.

Sina ugomvi na sherehe. Mwalimu anayefundisha pembezoni mwa Ludewa, Ileje au Makete, akaamka na baridi ya mwezi wa saba kuwahi zamu, anastahili siku moja ya kupigiwa makofi. Ugomvi wangu uko kwenye kanuni inayoamua nani aitwe jina. Ukiichunguza, karibu kila mahali ni ileile: zinahesabiwa A, katika mtihani wa mwisho, wa darasa la mwisho. Anayefanya kazi nje ya hapo, hata kazi yake ikiwa kubwa kiasi gani, hana mahali pa kuonekana.

Zamani mambo haya hayakuhitaji ukumbi, kwa sababu nafasi yenyewe ndiyo ilikuwa zawadi. Sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabika, nafasi za kidato cha kwanza ziligawanywa kwa mgao wa mikoa na wilaya, na darasa la saba lililojaa lingeweza kutoa mtoto mmoja, au wawili, au asitoke mtu. Jina la kijana wa Rungwe likitoka kwenda Malangali, au la binti wa Njombe kwenda Loleza, habari zilifika sokoni kabla ya barua kufika nyumbani. Ukoo ulichanga, sanduku la bati likaandikwa jina kwa rangi, na mwalimu mkuu akapata heshima ya kudumu kijijini: huyu ndiye aliyempeleka mtoto wa fulani Malangali. Hakuna aliyempa cheti, wala hakukihitaji.

Malangali yenyewe ina kisa chake. Ilipofunguliwa mwaka 1928, Mwingereza aliyeiongoza, W. B. Mumford, alijaribu kuiendesha kwa kufuata mila za makabila ya Nyanda za Juu. Wazee waliletwa shuleni kuwafundisha vijana desturi, ngoma na matumizi ya mkuki, sambamba na kusoma na kuandika. Lilikuwa jaribio la mkoloni, na nia ya kumbakiza Mwafrika katika mila zake ili asiote ndoto za ofisini ina maswali mengi. Halikudumu. Hata hivyo lilikuwa na wazo ambalo tumelirudia zaidi ya mara moja baadaye: kwamba kijana ana mambo mengine ya kupimwa nayo zaidi ya karatasi ya mtihani.

Tulilirudia kwa nguvu zote Novemba 1974. Azimio la Musoma, la chama tawala TANU, liliamua kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Akafanye kazi kwanza, kisha aje na mapendekezo kutoka kazini kwake na kutoka chama. Kuanzia 1976 alama za maendeleo ya kila siku zikaingia kwenye matokeo ya mwisho, na mwenendo na kazi za mwanafunzi vikaanza kutathminiwa. Kwa nadharia, hakuna mfumo wa kumtambua mtu uliokuwa mpana kuliko huo. Kwa vitendo, mapendekezo yalitoka kwa bosi, na bosi ana watu wake. Idadi ya wasichana walioingia chuo kikuu ilishuka hadi wao wakaondolewa sharti la kusubiri.

Nayakumbusha haya kwa sababu wanaotetea kuhesabu A hutumia hoja hiyohiyo: A haina mjomba. Anayesahihisha mtihani hamjui mtoto, hamjui mwalimu, wala hajui shule iko bonde gani. Ni hoja nzito. Ukitaka kuona tuzo yenye mjomba, tazama mfanyakazi bora wa Mei Mosi. Sherehe za kitaifa zilikuja Iringa mwaka 2018, Uwanja wa Samora, na mwaka uliofuata zikawa Mbeya, Uwanja wa Sokoine, na kila mwaka mikoani wafanyakazi bora hupita mbele ya jukwaa. Muulize mwalimu jinsi mfanyakazi bora wa shuleni kwao alivyopatikana. Atacheka kwanza. Kuna shule wanapokezana kwa zamu, idara kwa idara. Kuna shule anapewa anayekaribia kustaafu. Kuna shule jina hutoka ofisini kwa mkuu likiwa tayari limeandikwa kwenye cheti. Siwalaumu sana, maana mkiwa walimu wanane mnaokutana kila siku katika chumba kimoja, amani ina bei yake. Lakini tuzo ya namna hiyo haimfundishi mtu chochote kuhusu kazi nzuri inavyoonekana.

Basi na tuhesabu. Swali ni kuhesabu nini, na kwa nani.

Nafasi ilipoacha kuwa adimu, sifa ilibidi itafutiwe makazi mapya. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004 na shule za kata zikajengwa kila kona. Mwaka 2016 ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ikaondolewa. Kuchaguliwa kukawa jambo la kawaida, na ndivyo inavyopasa. Katikati ya miaka hiyo lilikuja tetemeko la matokeo ya kidato cha nne ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri na matokeo yakalazimika kupangwa upya. Serikali ikajibu mwaka 2013 kwa Matokeo Makubwa Sasa: shule zikapangwa kwa ubora na kupewa rangi, kijani, njano na nyekundu, na zawadi zikaahidiwa kwa zilizoongoza na kwa zilizopanda zaidi. Hiyo sehemu ya pili, zilizopanda zaidi, naomba msomaji aishike, nitairudia. Ndiyo iliyokuwa na akili kuliko yote, na ndiyo tuliyoiacha ipotee.

Kilichobaki ni orodha za kumi bora. Mkoa wa Mbeya ulizifaidi: St. Francis Girls ilishika nafasi ya kwanza kitaifa katika matokeo ya kidato cha nne ya 2017 na ya 2018, na walimu na wasichana wale walistahili kila neno la sifa. Lakini Januari 2023, likitangaza matokeo ya mwaka uliotangulia, Baraza la Mitihani liliacha kutaja shule bora na wanafunzi bora. Sababu yake ilikuwa ya wazi: hakuna mantiki ya kuwalinganisha watoto waliosoma katika mazingira yasiyolingana, na orodha zilikuwa zimegeuka tangazo la biashara. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ila Baraza liliacha kutangaza, mabango hayakuacha, wala maofisa elimu hawakuacha. Ukiingia ofisi ya mratibu elimu kata leo utakuta shule zake zimepangwa kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na ya mwisho imepigwa mstari mwekundu.

Sasa tuone hesabu ya A inavyofanya kazi ndani ya shule moja. Tuseme bodi ya shule imeahidi shilingi 10,000 kwa kila A ya kidato cha nne. Katika miaka ya karibuni ni kama mtahiniwa mmoja tu kati ya wanne au watano nchini anayefaulu Hisabati, achilia mbali kupata A. Kiswahili hufaulu wengi sana. Siku ya hafla mwalimu wa Kiswahili anaondoka na bahasha nene. Mwalimu wa Hisabati, aliyefundisha vipindi vya ziada Jumamosi na kuwatoa wanafunzi kumi na wawili kwenye F akawafikisha D na C, anaondoka na soda. Shule zenye busara zimeshaliona hili, zikaweka viwango tofauti kwa masomo tofauti. Hata hizo bado zinalipia A na B tu. Mtoto anayeelea kati ya F na D hana bei.

Zipo zinazolipia kufuta ziro, na nilidhani hilo lingekuwa jibu. Tatizo ni kwamba ziro zina njia mbili za kufutika. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto. Ya pili ni kuhakikisha hakai mtihani kwenye kituo chako: anashauriwa arudie darasa, au ahamie shule nyingine, au mzazi anaitwa na kuambiwa kwa upole kwamba kijana hana wito wa shule. Mchujo umekatazwa na serikali mara nyingi, na kila unapokatazwa tena ni ushahidi kwamba bado upo.

Kinachoniuma zaidi, hata hivyo, ni mwalimu asiyeitwa kabisa. Mwanafunzi yule wa pointi saba alifundishwa na mtu kutofautisha *ba* na *da*. Mara nyingi ni madam mmoja wa shule ya msingi mwenye darasa la kwanza lenye watoto wengi kuliko madawati, anayefundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa kuimba mpaka sauti inakauka. Kidato cha nne kinapopasua, yeye yuko kijijini kwake na kundi jingine ambalo bado halijajua kushika penseli. Hafla yake iko wapi? Wilaya huwa na tuzo za shule za msingi, kweli, lakini nazo ni za darasa la saba. Kwa hiyo mwalimu mkuu yeyote anayejua kusoma alama za nyakati humweka mwalimu wake hodari darasa la saba, na darasa la kwanza analipeleka kwa aliyebaki. Hapo ndipo tuzo inapoacha kuwa pongezi na kuwa sera ya kupanga walimu, bila mtu yeyote kuipitisha kwenye kikao.

Tunao ushahidi wa nyumbani kwamba inaweza kufanywa kinyume. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule za msingi 350 za wilaya 10 nchini. Walimu waliolengwa walikuwa wa darasa la kwanza, la pili na la tatu, kwa masomo ya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Mwalimu alilipwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu somo lake, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Shule nyingine zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi bila bonasi kwa walimu. Nyingine zilipewa vyote viwili. Nyingine hazikupewa chochote ili zilinganishwe.

Matokeo yake ningependa yasomwe kwenye kila baraza la madiwani. Ruzuku peke yake haikuongeza ujifunzaji. Bonasi peke yake ilileta majibu ya kuchanganya. Vyote viwili kwa pamoja ndivyo vilivyowainua watoto bila ubishi. Mwalimu aliyeahidiwa zawadi lakini hana vitabu hana cha kufanyia bidii yake. Shule yenye vitabu ambavyo hakuna anayejali kuvifungua haiendi popote. Jaribio la pili, mwaka 2015 na 2016, lililinganisha namna mbili za kulipa. Moja ilikuwa ya kitaalamu sana, ya kumlinganisha kila mtoto na wenzake walioanza naye kiwango kimoja. Nyingine ilikuwa ya ngazi tu: mtoto akiweza kusoma maneno unalipwa, akiweza sentensi unalipwa tena, akiweza aya unalipwa tena. Ile rahisi, ambayo mwalimu aliielewa bila semina, haikushindwa na ile ya wataalamu. Na kwa sababu ina ngazi za chini, hata mtoto wa nyuma kabisa alikuwa na ngazi ya kupandishwa.

Najua jibu la mkurugenzi: fedha zitoke wapi? Ruzuku ya elimu bila ada ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na haina fungu la zawadi. Michango ya wazazi ilibanwa Januari 2018. Kilichobaki ni mapato ya ndani, mbunge, na benki. Benki huja kwa furaha, na fomu za mikopo ya watumishi zikiwa kwenye meza ileile yenye vyeti; mwalimu anapokea pongezi kwa mkono wa kulia na makato ya miaka sita kwa mkono wa kushoto. Lakini hafla zilizopo tayari zinagharimu. Kuna ukumbi, muziki, chakula, fulana, mafuta ya magari ya wageni. Ningependa siku moja halmashauri ibandike bajeti ya hafla, safu moja iwe ya zawadi na nyingine ya kila kisichokuwa zawadi.

Halafu kuna deni. Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, na walimu waliokuwa wanasubiri barua wakaendelea kusubiri. Baadaye wengine walipandishwa, wengine wakarekebishiwa kwa mserereko, yaani kupelekwa moja kwa moja kwenye daraja ambalo wangekuwa wameshalifikia, na wapo ambao bado wanahesabu miaka iliyopotea kwenye kikokotoo chao cha pensheni. Sasa utendaji wao unajazwa kwenye PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima kazi za watumishi, na ukizungumza nao utasikia zaidi habari za mtandao kukatika kuliko habari za utendaji. Mwalimu wa namna hii ukimpa blanketi na cheti chenye fremu atashukuru, tena kwa heshima zote, ndaga fijo, asante sana, mheshimiwa. Jioni nyumbani atasema kingine. Tuzo inampa mtu zaidi ya haki yake. Ikitangulia haki, anaiona ni bei ya kumnyamazisha, na sidhani kama anakosea.

Upande wa wanafunzi sina mengi. Kila mahafali mtoto yuleyule huitwa mara tano, Fizikia, Kemia, Baiolojia, Hisabati na jumla, anabeba madaftari makubwa mpaka yanamdondoka, na wenzake themanini wapo kwa ajili ya kupiga makofi. Tuzo za nidhamu na usafi husomwa mwishoni watu wakiwa wameshaanza kunusa pilau. Ipo tahadhari ya zamani kidogo kuhusu watoto wadogo: mwaka 1973 watafiti wa Stanford waliwaahidi watoto wa chekechea cheti chenye utepe wakichora, na baadaye watoto hao wakapunguza kuchora kwa hiari yao, wakati waliopewa cheti bila kuahidiwa hawakupunguza. Shule zetu za awali zinazovalisha joho kila mtoto na kumpa medali zinaweza kulifikiria hilo.

Ipo tuzo moja ya wanafunzi ninayoikubali, nayo ni Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita katika sayansi. Naipendea mambo mawili. Kigezo kinajulikana kabla ya mtihani, na zawadi ni kile hasa anachokihitaji mshindi, yaani gharama za chuo. Ningeikosoa kwa jambo lilelile tu: nayo iko mlango wa mwisho.

Nje ya mipaka, Mkenya Peter Tabichi alishinda tuzo ya mwalimu bora duniani mwaka 2019, dola milioni moja. Alikuwa akifundisha Hisabati na Fizikia katika sekondari ya kutwa ya Keriko, kijijini Nakuru, shule ambayo isingekaribia kumi bora ya mtu yeyote. Waamuzi waliangalia wanafunzi wake walianzia wapi. Angekuwa Chunya au Wanging'ombe, mratibu wake angekuwa ameshampigia mstari mwekundu.

Na hapa narudi kwenye zile zilizopanda zaidi. Kupima kupanda si ndoto. Kila mtoto sasa ana namba ya PReM inayomfuata tangu shule ya msingi. Kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne na wa kidato cha pili. Ofisa takwimu wa halmashauri, akiwa na kompyuta moja na wiki mbili, anaweza kukuambia watoto walioingia sekondari fulani ya kata wakiwa na wastani wa D wametoka na nini, na walioingia shule ya jirani wakiwa na A wametoka na nini. A bado haitakuwa na mjomba, ila itakuwa na mahali ilipotoka. Na mwanafunzi aliyehamishwa kabla ya mtihani ataonekana kwenye hesabu ya shule iliyompokea kidato cha kwanza, jambo litakalowapunguzia wengi hamu ya kuwaita wazazi na kuzungumza nao kwa upole.

Muda nao si mrefu. Mtaala mpya umeshaanza, na watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, sambamba na darasa la saba la mwisho. Elimu ya lazima itakuwa miaka 10, na mtihani wa darasa la saba, ambao tuzo zote za shule za msingi za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe zimeuegemea, utaondoka. Halmashauri italazimika kuamua upya inampongeza nani na kwa kigezo gani. Ambayo haitakuwa imeanza mapema kuweka kumbukumbu za nani anajua kusoma darasa la pili, kwa jina la mtoto na jina la mwalimu, siku hiyo haitakuwa na cha kulinganisha, na bahasha zitarudi kwa wenye mjomba.